UZI: Thomas Dolby, mpiga kinanda aliyetuwekea muziki kwenye simu na mtaani hatumjui

Vidole Kumi (mleta uzi)

Wakuu salaam. Humu ndani kila wiki tunabishana nani mkali wa kinanda, nani ana vidole vyepesi, nani kaachwa na bendi kwa sababu anachelewa mazoezi. Leo naleta mtu ambaye kwa vidole peke yake asingeingia hata kwenye kumi bora ya ubishi wetu. Anaitwa Thomas Dolby, Mwingereza wa London, kazaliwa 1958. Kama uliwahi kumiliki Nokia yenye milio ya ala nyingi miaka ya 2000, kuna uwezekano mkubwa ulitembea na kazi ya kampuni yake mfukoni.

Ukoo wake ni Robertson. "Dolby" ni jina la utani, alilipata kwa wenzake kwa sababu muda wote alikuwa anahangaika na vinasa sauti na kanda. Alipoanza kung'ara, Dolby Laboratories, wale wa kuondoa mvumo kwenye kaseti, wakamfungulia kesi. Mwisho wa siku walielewana: atumie Dolby, lakini lazima Thomas litangulie. Mimi naamini mtu aliyebanwa na wanasheria wa haki miliki akiwa bado kijana anajifunza kitu ambacho sisi wapiga kinanda tunakuja kukijua tukiwa na mvi.

Muziki hakuusomea. Aliimba kwaya utotoni, akajua kusoma noti za mstari mmoja, mengine yote kajifundisha. Mwaka 1979 alikuwa mpiga kinanda wa bendi ya Bruce Woolley and the Camera Club. Mwaka 1981 bendi ya Foreigner wakamuita studio kwenye albamu yao ya "4", na zile sauti laini zinazofungua "Waiting for a Girl Like You" ni zake. Usikilize tena ule mwanzo. Hakuna mbwembwe, hakuna mkimbio wa vidole. Ni ukungu tu unaotandazwa taratibu, halafu sauti ya mwimbaji inaingia. Wimbo ule ulikaa namba 2 Marekani kwa wiki 10.

Wimbo wake mwenyewe, "She Blinded Me with Science", ulifika namba 5 Marekani mwaka 1983, na kwao Uingereza ukaishia 49. Mwaka huohuo alisikika kwenye "Pyromania", albamu ya bendi ya Def Leppard, kwa jina la bandia, Booker T. Boffin. Februari 1985 alipanda jukwaa la Grammy na Herbie Hancock, Stevie Wonder na Howard Jones, wote wanne kwenye vinanda vya umeme. Julai ile akampigia David Bowie kwenye tamasha la Live Aid, Wembley. Mwaka 1990 alikuwa jukwaani Berlin na Roger Waters, yule wa Pink Floyd.

Wengi wetu tungeishia hapo na kula jina mpaka kufa. Yeye mwaka 1993 akafungua kampuni California, akaiita Headspace. Naendelea chini, acha nipate chai.

Kijana wa Biti

Naweka kambi hapa mkuu. Ila nikuulize mapema, huyu si ndiyo wale wa wimbo mmoja halafu kimya?

Vidole Kumi

Kwa redio za Marekani, ndiyo. Kwa wanaojua kazi za studio, hapana. Ndiye aliyetayarisha "Steve McQueen", albamu ya bendi ya Prefab Sprout, 1985. Mtu wa wimbo mmoja haitwi kila mwezi kwenda kupanga nyimbo za watu.

Tuendelee. Ili uelewe alichouza, rudi kwenye intaneti ya miaka ya 90. Modemu ya kawaida ilikuwa ya kilobiti 28.8 kwa sekunde. Wimbo wa dakika 4 wa MP3 ya kiwango cha kawaida ni karibu megabaiti 4. Piga hesabu: dakika 18 kuushusha, hapo laini ya simu isikatike na mama asinyanyue mkonga. Wimbo huohuo ukiwa faili la MIDI lenye kilobaiti 40 unashuka ndani ya sekunde 11 hivi.

Tofauti ni kwamba MIDI, iliyotoka 1983, haina sauti hata chembe ndani yake. Ina maagizo tu: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, achia hapa. Sauti inatolewa na kifaa kinachosoma.

Mwalimu wa Kwaya

Wanangu, hili mimi nawaelewesha wanakwaya wangu kwa karatasi ya solfa. Karatasi haiimbi. Ukiipeleka kwa kwaya yenye besi nzuri utasikia kitu kingine, ukiipeleka kwa kwaya ya akina mama watupu utasikia kingine, na karatasi ni ileile.

Vidole Kumi

Asante Mwalimu, na hapo ndipo penye kidonda. Kwenye kompyuta ya jirani filimbi ya MIDI ilisikika kama honi ya baiskeli. Mtunzi anapanga wimbo wake vizuri, akiupeleka kwenye mashine nyingine anauona umevaa kandambili. Headspace, ambayo baadaye ilibadili jina ikawa Beatnik, ikaja na faili lao waliloliita RMF, yaani maagizo ya MIDI pamoja na vipande vifupi vya sauti halisi ambavyo mtunzi kavichagua mwenyewe, vyote vimebanwa kwenye mfuko mmoja mdogo. Na wakawa na injini, programu ndogo ya kusoma mfuko ule na kuutoa kama ulivyokusudiwa. Sun Microsystems, kampuni ya kompyuta, walichukua leseni ya injini hiyo wakaiweka ndani ya Java, lugha yao ya kuandikia programu.

Hesabu Kwanza

Mleta uzi uko vizuri, ila tusimvike mtu mmoja joho la watu wengi. Injini ile iliandikwa na mhandisi, Steve Hales. Dolby hakukaa usiku kucha anaandika msimbo. Humu watu wakisoma juujuu watadhani ukijua kupiga kinanda basi unaweza kuandika programu ya simu.

Vidole Kumi

Jina la Hales limeingia kwenye uzi, vizuri, na linaipa nguvu hoja ninayoielekea. Mpiga kinanda hakuwa mwandishi wa msimbo. Kazi yake ilikuwa kujua muziki unahitaji nini ukiwa umebanwa, na kumshawishi mwenye pesa kwamba hilo ni tatizo linalolipa.

Sasa upande mchungu. Kwenye kompyuta biashara ilikuwa ngumu. Ili usikie muziki wa Beatnik kwenye tovuti ilibidi kwanza ushushe kiongezi ukiweke kwenye kivinjari chako, na watu hawana subira hiyo. Na kila mwaka laini zilikuwa zinaongezeka kasi. Mwaka 1999 Napster, programu ya kugawiana nyimbo mtandaoni, ikatoka, watu wakawa wanashusha wimbo mzima wenyewe, na sauti ya mwimbaji imo. Nani tena anataka vipande na maagizo? Kisha 2000 hisa za kampuni za intaneti zikaporomoka.

Kilichowaokoa ni simu. Simu ya 2001 ilikuwa na kumbukumbu finyu na kichakataji dhaifu, yaani ilikuwa na umaskini uleule wa intaneti ya 1996. Teknolojia iliyokuwa inazeeka kwenye kompyuta ikawa ndiyo saizi kamili ya kifaa kipya. Nokia wakachukua leseni.

Fundi Kkoo

Hapa sasa mmeingia kwangu. Nilikuwa na meza Kariakoo enzi hizo. Kabla ya hapo milio ilikuwa ya sauti moja, 3310 unatunga mwenyewe kwa vitufe, noti moja moja, ukikosea unarudi nyuma. Ilipokuja 3510 mwaka 2002 watu walichanganyikiwa. Ngoma, besi na kinanda vyote vinalia kwa wakati mmoja! Mteja anakuja hana shida na betri wala kioo, anataka mlio tu.

Sasa niwape kisa ambacho sikuwahi kukielewa mpaka leo. Namuingizia mteja mlio kwenye simu yake ya bei ya chini, halafu rafiki yake mwenye simu kubwa namuingizia mlio uleule, faili lilelile. Wakienda kulinganisha, yule wa kwanza anarudi amefura: "Fundi umenipa nusu!" Kweli ukisikiliza, ya mwenzake ina gitaa la nyuma na ya kwake haina. Nikawa naapa kwa miungu yote kwamba faili ni moja.

Vidole Kumi

Fundi, ulikuwa mkweli na mteja naye hakukosea. Ulichokiona kinaitwa SP-MIDI. Nokia na Beatnik walikitengeneza, kikapitishwa kuwa kiwango rasmi cha chama cha watengenezaji wa MIDI. Nitaeleza polepole kwa sababu kwangu hiki ndicho kiini cha uzi.

Kila simu ilikuwa na kikomo cha sauti inazoweza kutoa kwa mara moja. Ya bei ndogo nne, nyingine 16, nyingine 24. Ukiipa simu ya sauti nne mlio unaohitaji nane, inakatakata hovyo: kodi ya kinanda (zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inaingia, wimbo mkuu unanyamazishwa katikati, besi inapotea, ngoma inarudi. Unasikia fujo.

SP-MIDI inamlazimisha mpangaji aandike kwenye faili, mwanzoni kabisa, orodha ya umuhimu. Mfano: wimbo mkuu kwanza, unahitaji sauti 1. Ukiongeza besi, jumla 2. Ukiongeza ngoma, jumla 4. Ukiongeza kodi za nyuma, jumla 8. Simu inasoma orodha, inajitazama uwezo wake, inachukua mpaka inapofika na kinachobaki inakinyamazisha chote, moja kwa moja, bila kukatakata. Simu ya mteja wako ilifika kwenye ngoma ikasimama. Ya rafiki yake ikamaliza orodha. Faili moja, na kila mmoja kapata mlio unaoeleweka.

Sasa niambieni, nani duniani anajua kupanga orodha ile kuliko mpiga kinanda wa kukodiwa? Umeitwa kwenye harusi, mpiga besi hajafika, mpiga solo kalewa. Unafanya nini? Mkono wa kushoto unabeba besi, wa kulia unashika wimbo, kodi nzito unaziacha. Unajua bila kufundishwa kipi kikitoka watu wataacha kucheza na kipi kikitoka hakuna atakayegundua. Rudi usikilize ule mwanzo wa Foreigner: mtu mwenye mashine ya kufanya kila kitu kaamua kufanya kidogo. Sikio lile ndilo mtaji wake, na ndiyo maana kampuni ya mwanamuziki iliweza kukaa meza moja na watengeneza simu wa Finland.

Fundi Kkoo

Miaka ishirini! Yule mteja namjua anapokaa, namtumia huu uzi leo leo.

Kijana wa Biti

Hapo kwenye mpiga solo kalewa umenipiga mimi mkuu. Ila swali la pesa, alilipwa kila mlio ukiuzwa?

Hesabu Kwanza

Hapana, na hapo ndipo ninapompa heshima. Mlio ukiuzwa, mgawo unakwenda kwa mwenye wimbo, kampuni ya simu na muuzaji. Beatnik walikuwa wanauza leseni ya injini kwa mtengeneza simu. Wewe uweke mlio wa taarab, uweke wa injili, usiweke kabisa uache mtikisiko, injini imeshalipiwa tangu kiwandani. Hawakuhitaji kubahatisha wimbo gani utavuma. Mwanamuziki aliyezoea kusubiri wimbo ushike chati akahamia upande ambao haujali chati.

Ubaya wake, mteja wako mkubwa akibadilika umekwisha. Simu zilipopata kumbukumbu ya kutosha kucheza MP3 yenyewe kama mlio, nani anahitaji injini ya maagizo? Mwaka 2009 msimbo wa injini yao ya simu ukaachiwa huru, yeyote achukue. Mamia ya mamilioni ya simu, halafu zawadi kwa umma. Biashara ya teknolojia ina umri kama wa maziwa.

Mgeni Mombasa

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Naomba tusichanganye huu mlio na ule anaousikia anayekupigia, sisi huku Skiza ya Safaricom. Ule uko kwenye mitambo ya kampuni, simu yako haihusiki hata kidogo, inaweza kuwa kabambe au mulika mwizi, ni sawa tu. Wasanii wetu wengi walipata chochote kutokana na ule na sio na huu anaoueleza Vidole Kumi. Nimeona watu wakibishana hadi usiku kuhusu mgao, kumbe mmoja anazungumzia mlio wa kuita na mwingine wa kuitikiwa.

Halafu nina neno. Mimi hupiga kinanda kwenye taarabu na harusi. Hadithi ni tamu, lakini huyu mtu alikuwa California na wawekezaji mlangoni. Sisi tuna Yamaha na deni la Yamaha.

Mwalimu wa Kwaya

Mgeni kasema kweli, na mimi niongeze langu ambalo litawaudhi. Mmemsifu kwa biashara, mmepita haraka kwenye gharama. Nimeangalia orodha ya albamu zake za studio: moja 1992, inayofuata 2011. Miaka 19! Mtu aliyekuwa anatunga vile, kipindi cha nguvu zake zote kakitumia vikaoni. Injini ikazeeka ikatupwa. Nyimbo zisingezeeka hivyo. Mimi ningekuwa mzazi wake ningemuuliza kama ilistahili.

Vidole Kumi

Shikamoo Mwalimu. Swali lako ni zito, nami siwezi kumjibia. Nitataja alichofanya tu. Kuanzia 2001 mpaka 2012 alikuwa mkurugenzi wa muziki wa makongamano ya TED. Mwaka 2006 alirudi jukwaani peke yake, amezungukwa na mashine, anajenga kila wimbo mbele ya watu kipande kwa kipande. Ile albamu ya 2011 aliirekodi ndani ya boti kuukuu ya uokoaji aliyoigeuza studio, ilikuwa bustanini kwake pwani ya Suffolk, Uingereza, ikiendeshwa kwa umeme wa upepo na jua. Mwaka 2014 akawa profesa wa sanaa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, na baadaye akaongoza shahada ya muziki wa midia mpya (Music for New Media) pale Peabody, chuo cha muziki cha Johns Hopkins. Huyo hakuukimbia muziki. Lakini nyimbo ambazo hazikutungwa miaka ile hazipo, na hilo nakuachia ushindi.

Mwalimu wa Kwaya

Marahaba mwanangu. Boti bustanini imenifurahisha, nimesamehe nusu.

Kijana wa Biti

Wakuu turudi kwetu. Mimi nauza stailo za sebene kwa WhatsApp, yaani mafaili ya midundo iliyopangwa tayari ya kuweka kwenye kinanda, za Yamaha. Nimekaa na mpiga solo wa kweli, nimerekodi gitaa lake noti kwa noti, nikapanga na ngoma. Mteja wa kwanza kanunua. Wa pili kanunua. Wa tatu kaniambia anayo tayari, kapewa kanisani bure. Hasira niliyokuwa nayo! Sasa mimi naingilia wapi kwenye hii hadithi?

Hesabu Kwanza

Unaingilia kwenye swali moja: nani analipa? Wewe unamuuzia mpiga kinanda mmoja mmoja, mtu mwenye shida za pesa kama zako, na faili linanakilika kwa sekunde. Dolby hakuwauzia wenye simu, aliwauzia wenye kiwanda. Kwako kiwanda kinaweza kuwa duka linaloingiza vinanda. Waambie kila kinanda wanachouza kitoke na stailo zako ndani, wakulipe kwa idadi ya vinanda. Mnunuzi anaona duka lile kinanda kinatoka kinapiga sebene, anakwenda pale. Wakinakili baadaye, wewe umeshakula yako.

Na kabla hujaenda dukani, andikishana na huyo mpiga solo. Karatasi, sahihi, mgawo. Sauti za gitaa ni zake, mpangilio ni wako. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 ipo na COSOTA, wale wa hakimiliki Tanzania, wapo, lakini hakuna atakayekusaidia kama huna hata karatasi moja inayosema nani alifanya nini.

Mgeni Mombasa

Hilo la duka lafaa. Huku wateja wa vinanda huuliza swali moja tu kabla ya bei: "Kina chakacha?", ule mdundo wa ngoma wa pwani. Hakuna kinachotoka kiwandani na chakacha ya maana. Kuna moja niliijaribu, ngoma zake zilikuwa za Brazili.

Kijana wa Biti

Hahaha ngoma za Brazili. Mgeni nitafute faragha, nina mtu anayepiga chakacha vizuri Tanga, tunaweza kurekodi. Swali la mwisho kwa Vidole Kumi: duka nililonalo karibu wanauza Korg zaidi ya Yamaha. Stailo zangu naweza kuzihamisha zikafanya kazi?

Vidole Kumi

Zinahama, ila si zote kama zilivyo. Faili la stailo la Yamaha na la Korg ni mifumo miwili tofauti. Kuna programu za kugeuza, na zitakupa noti zako zote sawasawa. Sauti ndiyo haitakuja, kwa sababu stailo ni maagizo, na Korg itatafuta gitaa lake yenyewe lililo karibu na hilo. Kwa hiyo zile rekodi za mpiga solo wako uzipakie upya kwenye Korg kama sauti mpya, noti kwa noti, kisha uielekeze stailo izichukue hizo. Angalia kwanza kama modeli ile inakubali kupakia sampuli, zile za bei ndogo nyingi hazikubali. Na ngoma zipitie kwa sikio moja moja, maana besi ya ngoma ya Korg ni nzito na sebene yako itaanza kuburuta.

Ukifika hapo ukikwama weka rekodi humu, tutasikiliza.